Kengele Sita

Ililetwa juu ya mkokoteni, imefungwa kanga na kamba ya katani,
toka Chunyu mpaka sokoni Mpwapwa.
Sechelela Mbijima aliiteremsha kama mtoto mwenye homa.
"Imenyamaza tangu msiba wa baba," akasema.
"Na hata ilipokuwa hai, fundi, ilikuwa na uongo."

Nikaiweka kati ya simu zilizopasuka vioo
na redio za watu walioahidi kurudi Jumamosi.
Mbao za mti wa kwao, nguzo mbili nyembamba,
uso wa kauri, namba za Kirumi,
na nyuma, mlango wa shaba usiozidi kiganja.

Saa za namna hii hukaa juu ya meko, niliambiwa zamani.
Nilicheka. Meko yetu ni mafiga matatu;
iweke hapo, iive pamoja na mlenda.
Kumbe kwao ukuta una kinywa, moto unaishi ndani,
na juu ya moto kuna rafu
ya vitu ambavyo nyumba inajivunia.
Kwa Sechelela ilikaa juu ya kabati la vyombo,
kwenye kitambaa cha kufuma,
vumbi la Septemba likiingia kwa tundu la ufunguo
bila hodi.

Nilipofungua nyuma nikakuta majina.
Si lako tu, Anselm Kienle, na mkia wa herufi uliojikunja, 1874.
Chini yako, kwa ncha ya sindano, herufi mbili: 1891.
Halafu R. Vaghela, Dodoma, Februari 1936, kamani mpya.
Halafu mtu ambaye hakuandika kitu,
alichora samaki.
Mafundi hatupeani mikono.
Tunasalimiana hapa, gizani,
nyuma ya mlango ambao mwenye nyumba hafungui.

Kienle, nina neno nawe.
Miaka yote hii, hakuna jino lililolika.
Naona mahali tupa ilipotua,
mkono ukachoka, ukapumzika, ukarudi.
Sijui mchana ule ulikula nini.
Lakini ule uongo ni wako:
jua limetoka, saa moja, watoto wako njiani kwenda shule,
na kengele yako inapiga saba.
Saba! Babake Sechelela, mpishi wa misheni,
alitoa sita kichwani, kila saa,
miaka arobaini, mwiko mkononi.
Mishale si tatizo. Jicho letu limezoea kuvuka upande wa pili.
Sikio ndilo linaloamini linachoambiwa.

Nimeosha vumbi kwa mafuta ya taa.
Nimekaza kokwa ya pendulamu nusu mzunguko,
maana joto la Oktoba hurefusha fimbo
na saa ikaanza kuchelewa kama mfanyakazi aliyekopwa mshahara.
Ndipo nikaliona gurudumu lako la kuhesabu,
makato mafupi, makato marefu, moja hadi kumi na mbili.
Halijui mishale iko wapi.
Linajua zamu yake tu.
Na pembeni kuna waya: ukiuinua kwa kidole,
kengele inapiga zamu inayofuata
na mishale haina habari.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Imeshapiga saba.
Nikainua. Nane.
Nikainua. Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Muuza nyanya akaacha kupanga mafungu yake,
"Nyemo, umerukwa na akili? Nusu siku imekwisha
na mimi sijauza hata nyanya moja!"
Kumi na mbili, ndefu, soko zima linasikiliza.
Kisha moja.
Nikaondoa kidole.

Sikukata jino. Sikuongeza hata msumari.
Sechelela alilipa nusu, na debe la karanga,
akangoja hadi ilipopiga mbili, mshale kwenye nane,
akaifunga tena kanga yake bila kusema kitu.

Fundi ajaye ataifungua, atadhani nilisinzia.
Kwa hiyo nimechora chini ya samaki:
N. Chidawali, Mpwapwa.
Si kosa. Iache.